Damu ya Ng'ombe na Kifinyo cha Mama

Daktari aliponiuliza kama nina ugonjwa wa moyo, mama yangu alinifinya. Mkono wake ulikuwa chini ya shuka, juu ya paja langu, na kidole gumba kikatafuta nyama laini kikaipata. Nyote mliolelewa pwani mwakijua kifinyo hicho. Ni kile cha mbele ya wageni, kinachosema nyamaza na utabasamu papo hapo, na mtoto wa kike akishakizoea hukitii hata awe mke wa mtu, hata awe ameshonwa tumbo asubuhi hiyo hiyo.

"Hana," mama akajibu badala yangu. "Tumu mzima, daktari. Hata mafua hayamjui."

Hata mafua! Ningekuwa na nguvu ningecheka. Huyu Tumu mzima alikuwa akidungwa sindano kila mwezi tangu utotoni, dawa nzito inayokuacha ukichechemea kutwa. Nilikuwa msichana mdogo viungo viliponivimba kimoja baada ya kingine, leo goti, kesho kiwiko, na homa juu. Ilipopoa, daktari mmoja wa ng'ambo ya feri, kule kisiwani, alinisikiliza kifua akamwambia mama kuwa homa ile imeharibu mlango mmoja wa moyo, haufunguki sawasawa. Sindano zilikuwa za kuizuia homa isirudi ikamalizia kazi yake.

Mama alilia mpaka tukashuka kwenye feri. Tulipofika nyumbani akajifuta machozi, akanikalisha mkekani. "Mtu asijue," akasema. "Msichana mwenye moyo haposwi." Na kwa kuwa hakuna aliyejua, niliposwa, tena na watu wa heshima wa Mtongwe. Kila mwezi nilimuaga mume wangu, Idarus, kwamba naenda Junda kumtazama shangazi. Kweli nilikuwa nikienda Junda, ila nilipitia zahanati kwanza. Idarus, maskini, alikuwa akinisifu kwa kupenda jamaa.

Sasa hao tuliowaficha ndio waliokuwa mbele yetu. Idarus amesimama dirishani, kofia mkononi. Mamake, ambaye mtaa mzima wamwita Mama Idarus, amekikalia kiti cha pekee cha chumba kile, akinitazama usoni kama mtu anayechagua samaki.

"Nauliza tena kwa sababu ni jambo kubwa," akasema daktari. Aliitwa Phineas, mtu wa bara, mpole, macho mekundu kwa kazi. "Nikimsikiliza kifua nasikia sauti. Lakini mtu aliyepungukiwa na damu, moyo wake huenda mbio, na hupiga kelele hata ukiwa mzima. Siwezi kujua ni lipi kati ya mawili. Nyinyi ndio mnaomjua."

Paja likafinywa tena.

"Sina," nikasema.

Ilikuwa mwaka wa tisini na sita, katika hospitali ndogo ya binafsi huku kwetu Likoni. Nilianguka jikoni kwa mama mkwe nikikuna nazi. Kumbe nilikuwa na mimba, nayo imetunga nje ya mji wa uzazi, na mrija umepasuka. Walinipasua wakaniokoa, lakini damu nyingi ilikuwa imeshamwagikia tumboni, na kunivusha feri kunipeleka hospitali kubwa daktari alikataa katakata. Alisema presha yangu iko chini mno, nitawafia njiani.

Na damu yangu nayo ina madaha. Ni O ile ya nadra, isiyokubali damu nyingine ila mwenzake. Kule ng'ambo walijibu kwenye simu kwamba hawana. Kwetu mgonjwa akitaka damu, jamaa ndio hunyoosha mikono, basi Idarus akapimwa, haikulingana. Mama, haikulingana. Mdogo wangu Siti alikuja mbio kutoka nyumbani, akapimwa, akarudi akilia. Mama Idarus alisema yeye ana sukari na umri umekwenda, na kwao hakuna mwingine. Nikauliza, na shemeji Stambuli je? Akasema Stambuli yuko kazini bandarini Kipevu, hawezi kuitwa, nilale nisijichoshe.

Huyu Stambuli ni mdogo wake Idarus, na hapa ndipo nilipobanwa kabisa. Alikuwa amemposa Siti. Mahari yameshatoka, harusi ni baada ya Idi, na Siti alikuwa akimpenda yule kijana mpaka akimwona anasahau alilokuwa akisema. Nyumba ile ile, mama mkwe yule yule. Nikifungua mdomo kuhusu moyo wangu, siachwi mimi peke yangu. Watauliza na mdogo wake je, naye ana nini?

Ndipo daktari akaleta habari ya mfuko. Alisema kuna kitu kipya wanachokijaribu, wao na hospitali kadhaa za nje, kwa ruhusa. Si damu yenyewe. Ni ile rangi nyekundu ya damu, inayobeba hewa, imetolewa kwa ng'ombe na kusafishwa. Haina grupu, anapewa yeyote, na haina virusi vya ukimwi. Enzi zile ukimwi ulikuwa ukitutia kiwewe sote, na kwa neno hilo peke yake Idarus alishakubali.

"Ng'ombe huyo amechinjwa na nani?" akauliza Mama Idarus.

"Sijui, mama. Ni ng'ombe wa Ulaya."

"Ndiyo maana nauliza."

"Mama, ni dharura," Idarus akasema. "Dharura ina ruhusa yake."

"Lakini ina kasoro," daktari akaendelea. "Katika damu ya kawaida rangi hii imefungwa ndani ya chembe. Ikiwa huru hivi, inanyonya hewa nyingine, ile inayoilegeza mishipa. Mishipa inabana, presha inapanda, na moyo unalazimika kusukuma kwa nguvu kwenye njia nyembamba. Moyo mzima huvumilia. Moyo wenye ila, naogopa. Ndiyo maana nauliza."

Nami nilishajibu kuwa sina. Akatoka kwenda kuutayarisha mfuko, na mimi nikabaki nimelala chali, natazama dari, moyo wangu wenye mlango mbovu ukipiga masikioni.

Utaniuliza, mbona hukumwita daktari pembeni? Pembeni gani? Mgonjwa wa kwetu haachwi peke yake. Ukiumwa watu wanakukalia, wanakupepea, wanakusomea, wanakutazama ukipumua. Nilijaribu, wallahi nilijaribu. Nilimwambia mama mkwe nina kiu ya maji ya dafu. Akamtuma Idarus. Nikamwambia mama, adhuhuri imeingia, nenda ukasali. Akaenda, nikafurahi, lakini Mama Idarus akasogeza kiti akakishika kitanda kwa mikono miwili. Mama aliporudi, mama mkwe akaenda yeye kusali, na nesi hakuwapo. Nikamshika mama mkono.

"Mama, niambie ukweli. Nikifa je?"

"Hufi. Mbona umeishi nao miaka yote?" Akaanza kulia, na huku analia akinipanga leso kifuani. "Watakutia damu tu, Tumu, si kukutuma ukimbie mbio. Siti ameshashona nguo. Nimewaalika watu mpaka Lamu. Unataka nikae na binti wawili ndani, mmoja ameachwa, mmoja hakuolewa?"

"Daktari amesema mfuko ule unabana mishipa."

"Daktari hajui Mtongwe."

Nilimchukia saa ile. Nasema kama ilivyokuwa. Nilimchukia, na papo hapo nilitaka anishike mkono asiuachie. Angekuwa mama mbaya ingekuwa rahisi.

Kitanda cha pili, ng'ambo ya pazia, kilikuwa na Mwikali, mama wa Kikamba aliyekuwa akiuza mboga sokoni Likoni. Alikuwa amegongwa na mkokoteni, nyonga imevunjika, ametoka damu sana. Yeye mfuko wa ng'ombe alikuwa ameshatiwa asubuhi, na tangu hapo alikuwa akinichekesha kupitia pazia.

"Wewe wa Mtongwe," akasema, "usiogope. Mimi nimetiwa na bado sijalia moo."

"Subiri jioni, watakupeleka malishoni," nikamjibu, sauti yangu nyembamba.

"Mradi wanipeleke kwenye sukuma wiki yangu mwenyewe."

Mama mkwe aligeuza uso ili tusimwone akicheka. Mwikali alikuwa ameulizwa maswali yale yale, nikamsikia kwa masikio yangu akijibu: moyo hauumi, presha hajapimwa, tangu azaliwe hajalala hospitali ila kwa kuzaa. Naye hakuwa akimficha mtu. Alikuwa hajui.

Baada ya adhuhuri akanyamaza. Nikamtania, hakujibu. Kisha akasema kwa sauti ndogo, sauti ambayo haikuwa yake, "Sista. Sista, kifua kinanibana."

Nesi, msichana aliyeitwa Nyambura, akaja. Nikasikia pampu ya kipimo cha presha, fuu, fuu, ikasimama, ikaanza tena. Akaenda mbio. Daktari Phineas akaja mbio. Pazia lilibaki wazi kidogo, nikamwona Mwikali. Weupe wa macho umegeuka manjano, jasho latiririka, mkono umekamata kifua pale katikati, na mdomo uko wazi kama anataka kusema kitu kwa mtu aliye mbali. Wakampa dawa chini ya ulimi. Wakamfunika pua na mdomo kwa mpira wa hewa. Idarus alirudi na dafu lake akakuta machela inapita mlangoni, ikabidi ajibanze ukutani ipite. Walikuwa wakimkimbiza ferini, kwa kuwa yeye sasa hakuwa na la kusubiri.

"Mungu amsahilishie," mama mkwe akasema. Mkono wa mama yangu ukarudi chini ya shuka.

Kisha daktari akarudi kwangu. Alikuwa analowa jasho. Nyambura alikuja nyuma yake na mfuko wangu, akautundika kwenye chuma. Ulikuwa mweusi mwekundu, rangi ya juisi ya zambarau. Akaunganisha mpira mkononi mwangu, akaweka kidole kwenye kile kigurudumu kidogo cha kufungulia, akamtazama daktari.

"Tumu," daktari akasema, na hakuwatazama wengine. "Bila hiki sijui kama utafika kesho. Na umeona yaliyompata mwenzako. Niambie mara ya mwisho."

Nikamtazama Idarus, ameshika dafu kwa mikono miwili. Nikamtazama mama mkwe. Nikamfikiria Siti nyumbani, pengine muda ule anakaanga kitu aniletee, na nguo yake ya harusi imening'inia mlangoni kwa sababu alisema kabatini itakunjika. Nikisema namuua Siti. Nisiposema najiua mimi. Na paja langu linafinywa, linafinywa, mpaka nikahisi ngozi inachubuka, na ghafla nikapandwa na hasira, hasira niliyodhani sina damu ya kutosha kuwa nayo. Nikauvuta mkono wa mama ukatoka chini ya shuka, nikaushika juu, kila mtu akauona.

"Nina moyo," nikasema. "Tangu utotoni. Mlango mmoja haufunguki, nadungwa sindano kila mwezi, mama yuwajua. Ondoa hicho kidude."

Nyambura aliondoa kidole kana kwamba kimeungua.

"Umenimaliza," mama akasema. Hakupaza sauti. Aliuchukua mkono wake akaufunika na ule mwingine.

Mama Idarus akamgeukia mwanawe. "Ulikuwa wajua?"

"Sikujua, mama."

"Junda," akasema. "Kila mwezi Junda. Nami nikimpa na sambusa ampelekee shangazi." Akasimama, akavaa buibui taratibu, akamkabili mama yangu. "Mkwe wangu, nimekula kwako nawe umekula kwangu. Hukuona siku hata moja ya kuniambia?"

Mama mkwe akatoka.

Idarus aliweka dafu chini. Nilidhani atamfuata mamake, na angemfuata nisingemlaumu. Akaja miguuni pangu, akanishika unyayo. "Ungeniambia mimi, Tumu. Ningekwenda nawe Junda." Akalia, na kumwona akilia kuliniuma kuliko nyuzi za tumbo.

Baada ya hapo kulikuwa na kungoja tu. Mfuko ulishushwa. Daktari alipiga simu kila alikojua. Mimi nilikuwa napumua juu juu, hewa inafika kooni inakata tamaa, na chumba kilianza kuwa chembamba, kuta zinasogea. Niliona nimesema ukweli ili nife na ukweli wangu, na Siti aachwe juu yake. Nilisoma shahada kimyakimya, nikaisoma tena, nikachelea kuimaliza.

Alasiri imeingia, mlango ukafunguliwa, akaja Mama Idarus. Nyuma yake Stambuli, bado na ovaroli ya bandarini, mikono ina grisi.

"Huyu hapa," akamwambia daktari. "Damu yake ni hiyo hiyo mnayoitafuta. Walishampima grupu tu kazini, mwenzake alipoangukiwa na mzigo, wakasifu kuwa ni ya nadra."

Daktari alimkodolea macho. "Mama, tangu asubuhi tunatafuta! Mbona hukusema?"

"Asubuhi alikuwa bwana harusi," akasema. "Mkimtoa damu mtampima na maradhi haya ya siku hizi. Nani anajua mtasema nini? Neno likitoka hapa linafika Mtongwe kabla yangu. Sikutaka mwanangu apimwe kabla hajaoa." Akamtazama mama yangu, wazi, usoni. "Sasa harusi haipo. Nyumba moja, mgonjwa mmoja wa moyo anatosha. Mpimeni."

Nikageuza kichwa nikamtazama mmoja, nikamtazama wa pili. Huku ameketi aliyeficha maradhi, huku amesimama aliyeficha damu, wote kwa harusi moja, na mimi katikati nakata roho kwa adabu. Nilitaka kuwatukana. Sikuwa na pumzi.

Stambuli alipimwa, akaonekana msafi wa kila kitu, akalala kitanda kile kile alichotolewa Mwikali. Alipokuwa amenyoosha mkono akaniuliza, akitazama dari, "Siti ameshaambiwa?"

"Bado, shemeji."

"Mimi sikukataa," akasema. "Nataka ajue. Sikuulizwa."

Na yeye hakuwa mtu wa kumpinga mamake. Sote tulijua.

Damu yake nilitiwa pole pole, matone ya kuhesabika, maana moyo wangu haukutaka kushtuliwa. Kabla ya magharibi vidole vyangu vilikuwa vimepata joto. Mama Idarus alikaa mpaka mfuko ukaisha, kisha akainuka akanivuta shuka mpaka shingoni.

"Lala," akasema. "Tutateta ukipona."

Na tuliteta, wallahi tuliteta, mpaka majirani wakasogeza viti. Lakini hiyo ni siku nyingine, na hakuniondoa nyumbani kwake. Mwikali alikufa ng'ambo, Mungu amrehemu. Walisema ni moyo, mwanamke ambaye moyo haukuwahi kumuuma. Mifuko iliyobaki ilitiwa ndani ya sanduku ikaondolewa, na daktari Phineas hakuitaja tena mbele yangu.

Siti alikuja asubuhi iliyofuata. Ameshajua. Macho yamevimba, leso imefungwa vibaya, mkononi ana chupa ya uji wa mchele wenye pilipili manga, kama nilivyoupenda tangu tukiwa wadogo. Mama akainuka kumpokea, Siti akampita kama hakumwona. Akaketi kitandani kwangu. Akautazama mkono wangu pale palipobandikwa pamba, palipoingia damu ya Stambuli, akautazama sana.

Akamimina uji, akapoza kijiko kwa pumzi yake, akakileta mdomoni pangu.

"Kunywa," akasema. "Kunywa wote. Ukifa sasa, Tumu, nitakuwa nimeachwa bure."

Nikanywa.